Sungura wa Hewa Safi

Sijawahi kuona haya kujisifu kwa kazi niliyoijua, na kazi ya kumvutisha sungura ukungu wa rangi niliijua kuliko mtu yeyote wa pwani yetu, kuanzia Bagamoyo hadi Pangani. Anayebisha na abishe. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Nilikuwa binti wa mji wa kale wa Bagamoyo, nimesomea kazi ya maabara Dar es Salaam, nikarudi nyumbani kufanya kazi kwenye kituo kidogo cha utafiti nje kidogo ya mji. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba vichache na banda moja refu la sungura tuliowanunua Kerege. Mjini wakaniita Bi Sungura, na waliotaka kunichokoza zaidi waliniuliza kama nimekwisha poswa na dume mojawapo. Niliwajibu kuwa dume la sungura lina masikio na linasikia likiambiwa, si kama waume zao.

Watu walidhani tunacheza, kwa hiyo niieleze kazi yenyewe. Pafu ni ukuta mwembamba mno: huku hewa, kule damu, na si kila kitu kinaruhusiwa kupita. Likiumizwa na moshi au vumbi, ukuta ule huvuja. Kwa nje huoni kitu. Sungura anatafuna majani, anarukaruka, ungesema hana neno. Sisi tulikuwa na rangi nzito, unga wa rangi ya machungwa, ambao ukiyeyushwa ndani ya maji na kumulikwa kwa taa ya zambarau huwaka kijani. Tuliyageuza maji yale kuwa ukungu kwa mashine iliyopiga kelele kuliko faida yake, tukamvisha sungura kofia ya mpira puani, naye akavuta. Baadaye nilimtoa damu kidogo kwenye mshipa wa sikio, nikaizungusha kwenye mashine nyingine mpaka ikajitenga, wekundu chini na maji yake juu. Kisha tunazima taa ya chumba na kuyamulika yale maji. Yakibaki meusi, ukuta mzima. Yakiwaka kijani, ukuta unavuja, na rangi imetoka kwenye hewa ikaingia kwenye damu mahali isipotakiwa kupita. Hakuna haja ya kumpasua mnyama ili ujue. Damu yenyewe inasema.

Mkubwa wangu alikuwa daktari wa mifugo, mtu wa Miono, mrefu, mpole, ila usithubutu kufungua dirisha la maabara wakati anapima. Yeye shida yake ilikuwa vumbi na ng'ombe. Mimi ndiye niliyemshikilia mpaka akakubali tupime moshi, tena si moshi wowote, moshi wa makumbi ya nazi. Nilimwambia pwani nzima inakausha nazi ziwe mbata juu ya moshi huo na hakuna aliyewahi kuuliza unafanya nini ndani ya kifua. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Lakini kweli iliyonisukuma hasa ilikuwa mama yangu.

Mama alikuwa na banda la mbata aliloachiwa na baba. Nazi zinapasuliwa, zinapangwa juu ya chanja, chini yake unachochewa moto wa makumbi na vifuu usiowaka sawasawa bali unaofuka, na mtu anaingia humo kugeuza nazi hizo mchana kutwa. Mtu huyo alikuwa mama. Alikuwa na wanawake wa kumsaidia, lakini hakumwamini hata mmoja wao na moto. Mbata yake haikuwahi kuota ukungu, na wafanyabiashara waliijua kwa kuinusa tu. Alijivunia hilo kuliko nyumba yake. Wakati huohuo alikuwa akikohoa. Mwanzo alikohoa asubuhi, kisha asubuhi na jioni, halafu ikawa hawezi kumaliza aya moja ya Kurani bila kushika kifua. Nilikuwa nikimsikia kutoka chumbani kwangu na kuhesabu pumzi pamoja naye bila kutaka. Niliogopa. Baba alikuwa amekwenda, ndugu sina, na sikuwa tayari kabisa kubaki peke yangu kwa sababu ya nazi.

Nilimwambia aache. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, siku moja nikamwambia kwa kulia.

"Moshi ndio unaokumaliza, mama."

"Moshi?" akasema, kama niliyemtukania jamaa yake. "Mtoto akizaliwa anafukizwa. Bibi harusi anafukizwa. Maiti anafukizwa. Nguo zako hizo unazoringia nazo Ijumaa nimezifukiza miye. Tangu lini moshi ukawa adui? Hilo mmefundishwa huko Dar."

"Mama, nina sungura kazini wanaoonyesha."

"Sungura wako hawaswali wala hawapiki. Watajua nini?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkalisha kwenye ngazi. Alipopata pumzi akaniangalia kwa yale macho yake ya kutopenda kushindwa. "Haya. Nionyeshe kwa macho yangu haya mawili. Nikiona, natoka bandani. Nisipoona, usinisumbue tena mpaka nife."

Nikakubali palepale. Ningekosaje kukubali? Nilikuwa nimekwisha ona mwenyewe mara nyingi: sungura wa moshi wa makumbi, kijani. Sungura wa hewa safi, aliyekaa upande wa pili wa banda bila kuvuta moshi wowote, meusi. Hakukuwa na jambo la wazi kuliko hilo duniani.

Nilichagua Ijumaa asubuhi, kwa kuwa Ijumaa mama hakuwasha moto bandani. Alikuja amevaa buibui lake jipya na amebeba bakuli la vitumbua, kwani asingeweza kwenda kazini kwa watu mikono mitupu. Daktari akamwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuja kukagua. Mlinzi wetu wa wanyama, mzee wa Mkange aliyewapenda sungura kuliko alivyowapenda wafanyakazi, akamletea kiti. Nikafanya kazi yangu mbele yake hatua kwa hatua, nikimweleza kila kitu, na nakiri nilikuwa naringa. Sungura wa kwanza, wa makumbi. Sungura wa pili, wa hewa safi. Ukungu, sikio, damu, mashine. Nikaziweka chupa zote mbili mezani, nikamwambia Daktari azime taa.

Zote mbili zikawaka kijani.

Nikasogeza ya pili karibu na taa, nikaisogeza mbali, nikaifuta kwa khanga yangu. Kijani. Daktari akakohoa kidogo, kile kikohozi cha heshima. Mama akainama juu ya chupa.

"Huyu wa pili," akauliza, "ndiye uliyesema hajavuta kitu?"

"Ndiye."

"Basi kaungua na nini? Hewa?"

Akainuka, akamshukuru Daktari, akawaachia vitumbua, akanishika shavu kama mtoto mdogo. Jumamosi alfajiri alikuwa bandani, anachochea makumbi, na majirani waliniambia alikuwa akiimba. Nilipitia pale nikienda kazini. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye makuti mpaka usiweze kuona mlango, na sauti ya mama humo ndani inakatika kila ubeti. Sikuingia. Nilikwenda zangu na hasira mpaka masikioni.

Sasa nisikilize namna ninavyofanya kazi, kwa sababu mtu mwingine angekata tamaa. Sikumtupa yule sungura wa hewa safi. Nilimwacha kwenye kizimba chake Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi nikampima tena. Meusi. Sungura yuleyule, mashine ileile, taa ileile. Alikuwa ameumia Ijumaa, Jumatatu amepona. Jumanne meusi. Alhamisi mchana meusi. Ijumaa asubuhi kijani. Daktari alikuwa amewahi kuona Ijumaa nyingine zenye ukaidi kama huu, akailaumu taa. Safari hii alikaa kwenye kiti chake, akavua miwani.

"Kuna mtu anawavutisha hawa kitu," akasema. "Jana, baada ya sisi kuondoka."

Nilikwenda moja kwa moja kwa mlinzi. Nilishuku tumbaku yake. Nilimkuta akiwakatia sungura majani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Niambie kweli. Usiku wa Alhamisi nani huingia humu bandani?"

Akafikiri, mzee wa watu, kwa bidii kabisa. "Usiku wa Alhamisi? Hapana. Haingii mtu."

"Wewe huvuti tumbaku humu?"

"Wallahi siingii nayo hata mlangoni. Hawa wanapiga chafya."

Nikamwamini, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuaminiwa. Nikahamia kwenye majani, labda yamenyunyiziwa dawa. Nikahamia kwenye maji. Nikahamia kwenye paka wa jirani. Daktari akabadilisha kifungo cha mashine ya ukungu. Wiki nyingine ikapita hivyo, Ijumaa ikaja na kijani chake, na mama nyumbani akawa ananiuliza kila nikirudi, kwa upole ulioniudhi zaidi, kama sungura wangu wamekwisha pata akili.

Kisha Jumatano moja mlinzi akanijia mlangoni, kofia mkononi.

"Mwanangu, makaa yamekwisha. Mama yako akija usiku wa Ijumaa atakuta nini?"

Nilisimama na chupa mkononi. Usiku wa Ijumaa. Mtu wa pwani yeyote anajua kuwa jua likizama Alhamisi, Ijumaa imekwisha ingia, na usiku ule ni wa Ijumaa. Usiku wa Alhamisi ulikuwa jana yake. Mimi, mtoto wa Bagamoyo, niliyezaliwa na kulelewa kwa hesabu hiyo, nilikuwa nimemwuliza mzee yule kiofisi, kama kalenda ya ukutani, naye akanijibu ukweli mtupu kama tunavyohesabu sisi. Nilicheka mpaka Daktari akatoka kuangalia. Nilipomweleza akacheka na yeye, kisha tukaacha kucheka kwa pamoja, maana tulikuwa tumefika kwenye neno la pili katika maneno ya mzee. Mama yako.

Alhamisi ile, baada ya magharibi, mama aliniaga kuwa anakwenda kisomoni kwa jirani, kama alivyoniaga kila Alhamisi. Nilimwacha atangulie. Nilipofika kituoni mlango wa banda la sungura ulikuwa umerudishwa, na madirisha yamefungwa ili harufu isitoke. Nikasukuma. Ubani ulinipokea usoni, mzito, mtamu, ile harufu ya nyumbani kabisa. Mama alikuwa katikati, chetezo mkononi, akipita kizimba hadi kizimba, anakizungusha mara tatu mbele ya kila mnyama na kusoma kwa sauti ya chini. Mzee wa Mkange alikuwa nyuma yake na kibakuli cha makaa. Sungura wa hewa safi alikuwa amekunja masikio, anachezesha pua.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nafukiza, huoni?" Wala hakushtuka. "Siku ile ya kwanza nilipokuletea chakula, kabla hujanialika, nilisikia chumba kinanuka mkojo. Mwanangu ashinde mahali panaponuka na Ijumaa imeingia? Watu watasema hana mama. Tena na hiyo rangi yenu inayowaka kama macho ya paka, ni lazima pasomewe. Na ile wiki uliyonialika niliongeza ubani kidogo, ili mambo yako yaende vizuri mbele ya Daktari."

Mlinzi akaniambia alidhani ni mimi niliyemtuma mama. Na kwa nini hatukusikia harufu asubuhi, mimi na Daktari, wenye pua zetu mbili? Kwa kuwa kila Ijumaa kanzu ya Daktari ilikuwa imefukizwa kwao, na nguo zangu zimefukizwa kwetu, na mji mzima unanukia ubani. Hakuna aliyekuwa na pua ya kuutambua.

Nilikuja na ukali tayari mdomoni. Ukaniishia palepale. Mwanamke huyu alikuwa ameniombea kwa mikono yake miwili, na kwa mikono hiyohiyo ameuharibu ushahidi wa kumwokoa. Nilimpokea chetezo, nikakiweka nje, nikafungua madirisha yote. Nikamwambia kesho asubuhi aje tena, na safari hii asilete kitu.

Alileta maandazi. Hata hivyo alikuja.

Safari hii sikuwa na sungura wawili. Nilikuwa na mmoja, yule wa hewa safi. Damu yake ya Jumatano ilikuwa kwenye jokofu. Damu ya asubuhi ile niliitoa mbele ya mama, akiwa amemshika sungura mwenyewe, amempakata kwenye buibui. Nikaziweka chupa sambamba. Daktari akazima taa.

Ya Jumatano, meusi. Ya Ijumaa, kijani.

"Hawa ni wawili?" mama akauliza.

"Ni yuleyule uliyempakata."

Akamtazama sungura, akatazama chupa, akamtazama sungura tena. Hakuwa mjinga mama yangu hata siku moja. Nikamwacha afike mwenyewe.

"Jumatano na leo, katikati yake kuna jana," akasema.

"Ndiyo."

"Ubani wangu."

"Ndiyo, mama."

"Kichembe kile? Cha jioni moja?"

"Cha jioni moja."

Gizani nilisikia kiti kikilia alipoketi. Taa ya zambarau ilikuwa imeangaza meno yake na ukingo mweupe wa leso yake tu. Akaushika mkono wangu, akauweka juu ya kifua chake, na nilisikia kule ndani ule mkwaruzo niliokuwa nikiusikia kutoka chumbani kwangu.

"Basi miye humu ndani," akasema, "ni kijani kitupu."

"Huyu Jumatatu atakuwa mzima," nikamwambia haraka. "Nimeona. Pafu linarudi."

"Na wale wa makumbi? Waliokaa sana nao?"

Ndilo swali pekee katika maisha yangu ya kazi ambalo nilijua jibu lake na sikuweza kulitoa. Wengine walirudi. Waliovuta kwa muda mrefu hawakurudi wote. Daktari ndiye aliyenisaidia, kwa sauti yake ya Miono ya polepole: "Mama, anayetoka leo ana nafuu kuliko anayetoka kesho."

Mama akaweka sungura chini. "Niliahidi," akasema. "Niwashieni taa."

Hakuingia bandani tena kufanya kazi. Aliliezua paa kwa hasira, akajenga vichanja vya wazi, mbata ikawa inaanikwa juani, inachukua muda mrefu, na masika ikaota ukungu kama ya watu wengine. Alilalamikia ukungu ule mpaka mwisho wa uhai wake, na kila alipolalamika mimi nilifurahi, kwa kuwa alilalamika kwa pumzi moja bila kukatika. Kikohozi kilipungua, hakikuisha. Alimaliza aya zake. Sisi tulimaliza kazi yetu, na wanawake wa mabanda mengine walikuja mmoja mmoja kutazama chupa zangu, wakileta vitumbua.

Kilichobaki kuwa vita nyumbani ni chetezo. Ubani wa Ijumaa hakukubali kuuacha kabisa, nami sikukubali aukalie. Kila usiku wa Ijumaa alikiweka miguuni pake, nikakihamisha dirishani, akakirudisha, nikakipeleka uani. "Binti huyu ananinyima harufu yangu," aliwaambia wageni. Nilikihamisha tu, miaka na miaka, na kila mara nilijua nimeshinda.

Alifariki asubuhi moja ya kipupwe, si kwa kifua, kwa homa. Tulimwosha mimi na wanawake wa mtaa wetu. Sanda ilipotandikwa wakaniita nilete chetezo, kwa kuwa ni haki ya mtoto. Nikakileta kile chake, nikatia ubani mwingi, nikaufukiza upande mmoja wa sanda na mwingine. Kisha nikakiweka karibu kabisa na kifua chake, moshi ukapanda ukamfunika uso. Mwoshaji akaniambia nikisogeze nyuma kidogo, nimekiweka karibu mno.

Nikamwambia hapana, kikae hapo hapo. Alikuwa amekingoja siku nyingi.